Boti ya kukodi, hori ya Tudor: nahodha hodari, barafu haba

Jumamosi na Jumapili nilikodi boti ya kuvulia samaki pale Bandari ya Kale, Mombasa, mimi na mwanangu. Julai hii, msimu wa kusi, alfajiri baharini huwa unataka koti. Safari hii upepo ulikufa kabisa, na jua likatuchoma tangu saa mbili.

Nahodha namsifu kwa moyo wote. Alitungojesha mpaka maji yakaanza kujaa, akatia nanga kando ya mikoko, akamfundisha mtoto kuulaza mshipi juu ya kidole cha shahada: "Changu hudona mara mbili, babu. Ya tatu ndiyo uvute." Chambo kilikuwa ngisi wa alfajiri ile ile, hawana harufu. Tukapata changu 11, na kolekole mmoja aliyevuta mshipi hadi ukanikata kiganja.

Lakini turubai la kivuli hakuna, na barafu yao kwenye deli iliyeyuka kabla ya adhuhuri. Changu watatu walilegea matumbo, macho yakafifia. Niliwatupa kwa uchungu. Jumapili nilinunua barafu yangu mwenyewe, na saa nne tulikuwa tumesharudi. Nitawakodi tena, ila wafunge turubai jamani, wanabeba watoto.