Internet Archive kwa walimu wa Unguja na Pemba: tumeipima kwa majarida ya skuli za Kanada

Kwa mwalimu anayesimamia klabu za skuli, au anayetaka kujua masomo ya amali yalivyoingizwa kwenye sekondari za nchi nyengine, Internet Archive ni maktaba ya bure yenye mali nyingi kuliko urahisi. Tumeipima kwa kazi moja tu: kutafuta majarida ya wanafunzi, miongozo ya masomo na ripoti za sekondari za Kanada baina ya 1900 na 1925. Mali imo, tena ya kutosha, kwa kuwa vitabu vya Chuo Kikuu cha Toronto vimekuwa vikinakiliwa na shirika hili kwa miaka mingi. Kinachosumbua ni njia ya kuifikia, na bando linaloliwa na asiyejua pa kubonyeza.

Tatizo la kwanza ni jina. Anayeandika "high school" peke yake ataziacha skuli kubwa za Ontario. Sheria ya 1871 ya jimbo hilo iliruhusu skuli yenye walimu wasiopungua wanne na wastani wa wavulana 60 wanaosoma Kilatini au Kigiriki iitwe "collegiate institute" na ipate ruzuku zaidi. Masharti yalibadilika baadae, jina likabaki, na hadi leo ndilo lililoandikwa juu ya majalada. Kwa hiyo tafuta mara mbili, kwa majina yote mawili, pamoja na jina la mji. Quebec ni shughuli nyengine: skuli ziligawika kwa madhehebu, na kijana wa Kikatoliki anayesema Kifaransa alipita "collège classique", kozi ya miaka minane. Ukitafuta huko kwa Kiingereza utaletewa zaidi skuli za Waprotestanti, kisha udhani ndiyo Quebec nzima. Elimu ya Kanada iko mikononi mwa majimbo tangu katiba ya 1867, na orodha ya vitabu nayo ifuatwe jimbo kwa jimbo.

Kisanduku cha kutafutia kina njia kadhaa, mbili ndizo zinazotuhusu, na wengi huijua moja. Ya kawaida husoma kichwa cha kitabu, mwandishi na maelezo mafupi, haiingii ndani. Ya pili hutafuta ndani ya maandishi ya kurasa, nayo ndiyo ya kutumia unapotaka neno kama mdahalo, kadeti au hati mkato kwa Kiingereza chake. Baada ya hapo chuja kwa aina, maandishi tu, kisha kwa miaka. Kwenye simu vichujio hufichwa nyuma ya kitufe, usidhani havipo. Na miaka yenyewe isiaminiwe sana: jarida linalotoka kila mwaka aghlabu huandikishwa matoleo yake yote kwa mwaka wa toleo la kwanza, na mwaka wa masomo wa 1913 hadi 1914 unaweza kuwekwa chini ya mwaka wowote kati ya hiyo miwili. Panua kichujio miaka mitano kila upande, kisha fungua ukurasa wa mbele ujionee.

Sasa bando. Jarida la kurasa 100 hupatikana kwa sura kadhaa chini ya ukurasa wake. Faili la maandishi matupu mara nyingi halifiki megabaiti moja. PDF ya jarida hilo hilo huwa megabaiti kumi au zaidi. Picha za kurasa zilizofungwa pamoja kwa ZIP zinaweza kupita megabaiti 50, na hizo hazina kazi kwa mwalimu isipokuwa anataka kuchapa picha kubwa ukutani. Shika utaratibu huu: maandishi matupu kwanza, tafuta ndani yake unachokitaka, halafu rudi mtandaoni ufungue ukurasa huo mmoja kwa picha. Ukisomea mtandaoni chagua ukurasa mmoja mmoja badala ya kurasa mbili kwa pamoja. EPUB, sura ya kitabu cha kusomea kwenye simu, iepuke kabisa, hutengenezwa na mashine inayosoma herufi kwenye picha, na makosa yote ya mashine huja nayo.

Makosa hayo, ambayo yamo pia kwenye maandishi matupu, yana kawaida yake. Herufi "rn" husomwa "m", tarakimu 1 husomwa herufi l, na safu mbili za matangazo ya maduka hufumwa mstari kwa mstari mpaka muuza viatu anaonekana anauza dawa ya meno. Ratiba za vipindi ndizo zinazoharibika zaidi kwa sababu nafasi za jedwali hupotea. Ratiba usiinukuu kutoka maandishi matupu hata siku moja, tazama picha. Jengine: namba yenye "n" kwenye anwani ya ukurasa ni namba ya picha, siyo ya ukurasa uliochapishwa. Anayeinukuu hiyo humpoteza msomaji wake.

Vilivyomo ndani vinastahiki taabu hii? Kwa upande wa amali, sana. Mwishoni mwa 1899 tajiri wa tumbaku wa Montreal, Sir William Macdonald, akiongozwa na James W. Robertson, kamishna wa kilimo wa Kanada, alianza kulipia vyumba vya kazi za mikono katika skuli za sehemu mbali mbali za Kanada: meza, vyombo na mishahara ya walimu, kwa miaka mitatu. Baada ya miaka hiyo mzigo ukahamia kwa bodi za skuli. Mwenye kufuatilia miradi ya wafadhili huku kwetu aanze na ripoti za mwaka wa tatu na wa nne, azilinganishe. Hapo ndipo panapojulikana nani alijipanga. Mbinu yenyewe ilitokana na Sloyd, mfumo wa Sweden wa kufundisha kazi za mikono, na miongozo huieleza kwa ufasaha: mwanafunzi huchora kwa vipimo kwanza, ndipo hukata mbao, na kila kitu kipya anachotengeneza humwongezea chombo kimoja au kiungo kimoja, siyo vitano. Mwalimu wa useremala anaweza kuufuata mpangilio huo leo bila ya kubadilisha kitu.

Wasichana walifundishwa upishi na ushoni, somo lililopiganiwa na Adelaide Hoodless wa Hamilton, ambaye mtoto wake mchanga alifariki 1889 na yeye akaamini sababu ni maziwa yaliyochafuka. Ndiyo maana usafi wa chakula na maziwa unatiliwa mkazo hivyo. Kozi ya biashara ilikuwa na uwekaji hesabu wa pande mbili, hati mkato ya Pitman, kupiga taipu na barua za biashara.

Mwanafunzi wa klabu ya mdahalo afunguliwe kurasa za jumuiya za fasihi. Kulikuwa na rais, katibu, mhariri wa gazeti linalosomwa kwa sauti mbele ya wenzake, waamuzi wa mjadala, na mkosoaji ambaye husimama mwisho kutaja makosa ya matamshi, ya hoja na hata ya namna mtu alivyosimama. Cheo hicho cha mkosoaji ndicho kinachokosekana katika midahalo mingi ya skuli zetu, ambapo baada ya mshindi kutangazwa watu hupiga makofi na kutawanyika. Pia kuna safu ambamo wahariri huyapitia majarida ya skuli nyengine, kwa sifa na kwa kejeli. Ichukue kama orodha ya utafutaji: kila jina lililotajwa pale ni jarida jengine la kutafuta.

Picha za wavulana na bunduki zitawashangaza wanafunzi, waelezwe mapema. Lord Strathcona, tajiri wa Kanada, alitoa fedha za mazoezi ya skulini kuanzia 1909, zikafikia dola 500,000, na mapato yake yakagawiwa asilimia 50 kwa mazoezi ya viungo, 35 kwa gwaride na 15 kwa shabaha. Miaka mitano baadae vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na majarida yakajaa orodha za waliokwenda vitani. Mwaka 1918 vijana wa miaka 15 hadi 19 waliandikishwa kufanya kazi mashambani, na msimu wa mapukutiko homa ya mafua ikafunga skuli za miji mingi. Michezo ni hoki na mpira wa kikapu, huo wa pili ukiwa umebuniwa 1891 na Mkanada, James Naismith wa Almonte, ingawa alikuwa akifundisha Marekani, na Wamarekani wameubeba pamoja na sifa.

Lakini majarida haya husema uongo kwa kunyamaza. Kila uso ni wa aliyefaulu mtihani wa kuingilia na aliyeweza kubaki. Ontario ilifuta ada za sekondari 1921, na sheria ya 1919 ya kuwaweka vijana skuli hadi miaka 16 ikaanza kutumika wakati huo huo. Kabla ya hapo bodi ya mji iliweza kutoza. Sisi tunaosherehekea Elimu Bila Malipo kila Septemba 23, kwa kukumbuka 1964, tunaielewa tafauti hiyo haraka. Watoto wa wenyeji asilia hawamo humo, wengi walipelekwa kwenye skuli za bweni mbali na wazazi, na mabadiliko ya sheria ya 1920 yaliwapa maofisa nguvu ya kuwalazimisha. Huko Victoria, mji wa magharibi ya Kanada, wanafunzi wa Kichina waligoma 1922 bodi ya skuli ilipotaka kuwatenga na wenzao. Mwalimu asiyetafuta ripoti za serikali na magazeti pamoja na majarida atawapa wanafunzi nusu ya habari.

Vitabu vya miaka hiyo huhitaji akaunti mara chache. Akaunti ni kwa vitabu vipya zaidi, vinavyoazimwa kwa saa moja. Ukiifungua, tumia neno la siri ambalo hulitumii kwengine: Oktoba 2024 taarifa za akaunti zipatazo milioni 31 ziliibwa, na huduma ikazimwa kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo hiyo usingoje siku ya kipindi ndipo ufungue tovuti. Pakua mapema penye Wi-Fi, kwa mfano kwenye kituo cha walimu, uweke kwenye fleshi. Na ubadilishe jina la faili hapo hapo, liwe mji, skuli na mwaka, maana huja na herufi zilizokatwa katwa, zile za Toronto zikimalizia na "uoft", na baada ya faili ishirini hakuna atakayejua lipi ni la Hamilton na lipi ni la Ottawa.