Bando la WhatsApp lisilobeba simu: uzoefu wangu

Nauza leso, yaani kanga, Biashara Street, hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya wateja wangu wako mbali. Mteja wa leso haridhiki na picha. Anataka nimkunjulie doti mbele ya kamera, aone pindo na mji wa katikati, alisome jina, yaani msemo ulioandikwa, kwa macho yake ndipo atume pesa. Bila simu ya video mimi sina duka ng'ambo.

Ndiyo maana nilinunua bando la WhatsApp la wiki, shilingi 100. Kampuni siitaji. Tangazo lilikuja kwa ujumbe likasema WhatsApp, basi. Siku nzima mambo yalikuwa sawa: picha zilikwenda, sauti nilizorekodi zilikwenda. Jioni akapiga mteja wa Leicester, Uingereza, nikamfungulia doti mbili, tukaongea kama dakika kumi. Kukata tu, nataka kumpigia fundi anayenipindia leso, naambiwa sina kredo. Nilikuwa na shilingi 150 kwenye laini! Zote zimeliwa na ile simu huku bando langu bado lipo.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana alinijibu kwa adabu: "Dada, bando hilo ni la kuchati. Simu za intaneti hazimo." Masharti yapo kweli, kwenye tovuti yao, chini kabisa. Mnunuzi aliyesimama dukani akibonyeza namba za menyu atayaonea wapi?

Sikutosheka. Kesho yake nikanunua bando la kawaida, laini ile ile, simu ile ile, nimekaa kiti kile kile. Nikampigia tena mteja wa Leicester kwa sauti peke yake, dakika kumi, na haikufika hata MB 10. Ilisikika safi. Kwa hivyo mtandao hauzidiwi na simu zangu. Kampuni inaitambua simu na kuitenga na ujumbe, kwa sababu havisafiri sawa: simu ni mfululizo wa pakiti, yaani vipande vya data, ndogo ndogo zinazofuatana bila kupumzika, na mitambo yao huujua mfululizo huo. Ikishaujua, inaweza kuutoza kando, kuupunguza kasi au kuufunga. Anayepiga kwa intaneti hanunui dakika za ng'ambo, na dakika hizo ni ghali. Sababu nyingine sijaiona.

Mtaani kwetu maji yakikatika tunanunua kwa mkokoteni. Muuzaji anauza mtungi wa lita 20. Hajawahi kuniuliza kama napikia au nafulia, wala hadai zaidi nikisema nafulia. Mimi nimelipa data. Ninachofanyia ni shauri langu.

Mteja wa Dubai ndiye anayeniumiza roho zaidi. Kule simu za WhatsApp zimefungwa, zinaruhusiwa programu chache zenye idhini tu, na nikitumia mojawapo, bando langu la WhatsApp haliitambui. Basi namrekodia video fupi, namtumia, anajibu kwa sauti, namrekodia nyingine. Mauzo ya dakika tano yanakula jioni nzima. Wapo wanaozunguka kwa VPN, programu ya kuficha unakotumia intaneti, lakini siwezi kumwambia mtu avunje sheria ya nchi anayotafutia riziki kwa ajili ya leso yangu. Na waya wa intaneti uitwao TEAMS, uliofika hapa Mombasa mwaka 2009, unakwenda moja kwa moja mpaka Fujairah, huko huko Imarati! Njia ipo chini ya bahari, sisi wawili hatuonani.

Hili si jambo lisilo dawa. Chile iliweka sheria mwaka 2010 kwamba mtoa mtandao asibague kinachopita ndani yake. Mwaka 2011 kampuni ya simu ya KPN ya Uholanzi ilitangaza mpango wa kuwatoza zaidi watu wanaotumia programu za simu na ujumbe. Wananchi wakaja juu, bunge likapitisha sheria ya kuzuia mwaka 2012, na ikaanza kutumika mwaka 2013. Sisi Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua. Neno "WhatsApp" peke yake kwenye tangazo halijanipa habari hizo.

Kama wewe ni wa kuchati na kutuma picha tu, bando hili litakufaa, na bei yake ni nafuu. Kwa anayepiga simu, silipendekezi kabisa, na kredo yako itoe kwenye laini kwanza au uiweke kwenye laini nyingine. Mimi nimerudi kwenye data ya kawaida, ghali lakini inabeba kila kitu. Kampuni nimewaandikia ombi moja: kabla sijabonyeza 1 kununua, menyu iniambie waziwazi kwamba simu hazimo. Jibu bado nalingoja.