Matembezi ya usiku msitu wa Amani, nendeni mvua ikishanyesha

Nimerudi juzi toka Amani, kule juu ya Muheza, na matembezi ya usiku na mwongozaji wa hifadhi ndo yalinikosha kuliko vyote. Tumeingia kama saa mbili usiku, mvua imekatika jioni ile, majani bado yanadondosha maji, na yule mzee hakutukimbiza, hatua tatu anasimama anamulika majani ya usawa wa kifua, sisi hatuoni kitu yeye ashaona. Kachura kadogo kametulia juu ya jani, kumbe ni wale Nectophrynoides, hawatagi majini kabisa, jike anazaa vichura vyenye miguu yote tayari, kiluwiluwi hamna.

Sasa mimi nilienda na hamu ya salamanda, wale amfibia wenye mkia wanaofanana na mjusi, maana nawafuatilia sana kwenye simu. Mzee akasema mwanangu huku hawapo, Afrika wako kaskazini tu, Moroko na Algeria huko, ila njoo nikuonyeshe ndugu yao. Akainua gogo lililooza taratibuuu, chini yake kitu kama mnyoo mkubwa, bluu ya kijivu, mwili mzima pete pete, miguu hana, macho huyaoni. Ni amfibia kama chura! Boulengerula boulengeri, wa milima hii hii ya Usambara. Tumemwangalia dakika moja hivi, gogo likarudishwa vilevile lilivyokuwa, akakagua na pembeni kusibaki uwazi maana udongo ukikauka ndo basi tena.

Kitu kingine nilichompendea, kabla hatujaingia aliuliza nani kapaka dawa ya mbu mikononi, hawa viumbe wanapumua kwa ngozi na ngozi yao inafyonza kila kitu. Nilikuwa nimepaka, nikanawa, na bado hakuniruhusu kushika. Safi sana.

Kasoro ni kwa aliyetupangia safari, siyo hifadhi. Katupa usiku mmoja eti msitu unaumaliza mchana mmoja, jamani hekta zaidi ya 8,000, hifadhi tangu 1997, unaumalizaje? Na mabuti aliyotukodishia yalivuja, soksi zililowa mpaka asubuhi.

Mkienda kaeni angalau siku mbili, bebeni tochi ya kichwani na betri za akiba, na mkikuta kunanyesha msiahirishe, subirini tu ikatike mtoke.