Unga kwa meka au kwa mfuko: vibanda vya soko la Kenya, Lubumbashi

Vibanda vya unga karibu na soko la Kenya, mtaa wa mji wa Lubumbashi huko Kongo, vinastahili sifa kwa jambo moja: mwenye franka chache harudi mikono mitupu, na mama muuzaji akikufahamu atakuandikia deni. Kwa anayelipwa kwa siku, awe mpakia mizigo au mfua nguo, bila kibanda hicho bukari (ugali) haiivi jioni. Depo, duka la mifuko mizima, haikopeshi.

Shida ni bei, na haionekani haraka kwa sababu meka, chombo cha kupimia unga, si mizani. Tazama kwanza kitako chake: kikiwa kimebonyea kwa ndani, unapunjwa kila siku. Kisha tazama mkono wa muuzaji. Unga uliomiminwa taratibu hukaa mwepesi. Gonga meka mara mbili na utaona unavyoshuka. Matabishi anayoongeza juu mara nyingi hayazibi pengo hilo. Peleka unga wako kwa muuza nyama mwenye mizani, gawa bei uliyolipa kwa kilo ulizopata, kisha gawa bei ya mfuko wa depo wa kilo 25 kwa 25. Ukilinganisha majibu hayo mawili utajua kibanda kinakugharimu kiasi gani.

Familia ya watu 6, kila mmoja gramu 300 kwa siku, inahitaji kilo 1.8. Mfuko wa kilo 25 unawatosha karibu wiki mbili. Lakini nani ana pesa ya wiki mbili kwa mkupuo? Hasa si mpangaji mwenye watoto wengi, mshahara wa mtu mmoja na asiye na shamba pembeni ya mji. Huyo ndiye hunaswa na deni: pesa ya leo inalipa bukari ya jana, na hawezi kuhamia kibanda chenye bei nafuu. Mtoto akiugua, au masomo ya sekondari yakifunguliwa mwezi wa tisa, samaki na maharagwe ndivyo vinavyoondoka kwanza. Linabaki lengalenga, mboga ya majani. Tumbo linajaa, mwili unakosa protini ya kutosha.

Kipindi kibaya ni Januari hadi Machi, kabla ya mavuno, na Lubumbashi hutegemea sana mahindi yanayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zambia ilipopigwa na ukame ikatangaza janga la taifa Februari 2024, mnunuzi wa meka hakuwa na akiba ya kumkinga na bei.

Njia tunayoipendekeza ni likelemba ya unga, yaani mchango wa pamoja: nyumba 5, mfuko mmoja, kilo 5 kila nyumba, zipimwe mbele ya wote. Inaharibika pale mmoja anapochelewesha mchango, kwa hiyo pesa zikusanywe kidogo kidogo kila jioni, si siku ya kununua. Wakiona unga mwingi, wengine huongeza sufuria. Pima wa siku kwa kikombe kilekile. Usiuweke juu ya sakafu ya saruji, unavuta unyevu na kuganda. Uliosagwa pamoja na kiini huchachuka mapema kwa sababu ya mafuta yake, basi usinunue wa kutumia zaidi ya wiki mbili.

Kibanda tunakipa nyota 3 kati ya 5, depo 4. Ila hata depo, kagua mshono wa mfuko: ukiona matundu ya sindano yasiyo na uzi, omba upimwe upya kabla ya kulipa.