SmB6 au YbB12: uanze na ipi?

Wanafunzi wa fizikia Kisumu na Maseno hubishana: ukitaka kuvielewa vihami vya Kondo (vitu ambavyo kwenye baridi kali hukoma kupitisha umeme kwa sababu ya jinsi elektroni zake zinavyoathiriana), uanze na SmB6 (kiwanja cha samari na boroni) au YbB12 (cha iterbi na boroni)?

Kwa upatikanaji, SmB6 inashinda. Fuwele zake hukuzwa hata ndani ya alumini iliyoyeyuka. Shaka huingilia papo hapo, maana alumini iliyonaswa huweza kutoa mitetemo yake ya kwanta, yaani kupanda na kushuka kwa vipimo kadiri uga wa sumaku unavyobadilika, jambo linalotarajiwa kwenye metali, si kwenye vihami. Tangu 2014 mitetemo ya SmB6 imeonekana kwenye usumaku, lakini kwenye ukinzani wa umeme haijaonekana. YbB12 ndiyo inayonisisimua: mwaka 2018 ilionyesha mitetemo kwenye usumaku na kwenye ukinzani pia, nayo bado ni kihami! Ila inadai uga mkali wa sumaku, takriban tesla 35 kwenda juu.

Una kompyuta na nadharia tu? Soma SmB6, makala ni tele. Unayewania nafasi kwenye maabara ya sumaku kubwa ughaibuni, shika YbB12.