Laptopu ya ex-UK niliyonunua Kisumu, miezi mitano baadaye

Wacha nianze na jina. Kwa kitabu inaitwa kipakatalishi, na mimi mwenyewe nimeiandika ubaoni mara kibao, lakini sijawahi kuskia mtu ameingia duka pale Oginga Odinga Street akaitisha kipakatalishi. Hapa tauni ni laptopu, na kama si mpya basi ni ex-UK. Usiseme mtumba, utaangaliwa vibaya. Mtumba ni shati ya soko la Kibuye. Laptopu iliyofanya kazi miaka nane kwa ofisi ya watu mpaka herufi E ikaanza kufutika, hiyo ni ex-UK, na hiyo "UK" wanaitamka vile mzazi hutamka jina la mtoto aliyeenda majuu. (Mimi nafunza Kiswahili, naomba wanafunzi wangu wasione haya maandishi.)

Ile yangu ya kwanza iliuawa na radi. Mvua ya jioni ya Kisumu unaijua, nilikuwa nimeacha chaja kwa ukuta nikakimbia kutoa nguo kwa kamba, kurudi napata harufu. Kwa hivyo Januari, shule ziko karibu kufunguliwa na opena, ule mtihani wa kufungua muhula, haijachapwa hata swali moja, nikaingia mjini na elfu ishirini na tano na onyo la bibi kwamba nisipitie kwingine.

Kwa hiyo pesa una njia mbili. Kuna mpya za boksi, nyembamba, zinapendeza macho, lakini uliza ndani kuna nini: RAM ya 4GB na storeji ya 64GB, zote zimechomelewa kwa bodi, kuongeza hakuna. Windows ikishakaa hapo na sasisho zake mbili tatu nafasi imeisha, unabaki unafuta picha za harusi yako. Njia ya pili ni mashine ya ofisi iliyozeeka kwa heshima. Mimi nikachagua mzee. ThinkPad T470, chipu ya Intel i5 ya kizazi cha saba, RAM 8GB, storeji ya SSD ya 256GB, bei ya kutajwa 26,500, bei ya kulipa 23,000 baada ya mimi kutoka nje ya mlango mara mbili na kuitwa mara mbili.

Kijana wa duka alikuwa na mdomo mtamu. "Mwalimu, hii ni gredi A. Klin. Betri unakaa nayo mpaka jioni." Nikamuuliza jioni ya wapi, juu huko Uingereza Januari jua linatua saa kumi. Akacheka sana. Ningejua hiyo ndio ilikuwa jibu ningemuuliza tena.

Juu ya kifuniko walikuwa wamebandika ile ngozi nyeusi ya kaboni, nami nikafikiri ni urembo. Wiki ya pili joto la huku likalegeza gundi kwa kona, nikavuta kidogo, nikavuta tena, nani anaweza kuacha, na chini yake kukatokea mkwaruzo mrefu kama barabara ya Busia na mabaki ya stika ya ofisi ya watu, bakodi, namba ya mali, na onyo kwamba stika isitolewe. Mkwaruzo haukuniuma. Mashine ni ya 2017, mwaka ule ule Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, yaani hii laptopu na juala la mwisho nililobebea omena ni wa rika moja, sasa utakosaje mkwaruzo? Kilichoniuma ni ngozi. Ungenionyesha tu, ningenunua hivyo hivyo.

Sasa kibodi, na hapa nitakaa kidogo. Kwanza ni tamu, hiyo hakuna ubishi, kila kitufe kina kabonde kidogo cha kushika kidole, nachapa karatasi nzima usiku na vidole havilalamiki. Kile kinundu chekundu hapo katikati ya G, H na B, ambacho darasa langu limeniuliza kama ni kengele, kimekuwepo tangu IBM watoe ThinkPad za kwanza 1992, kabla Lenovo hawajanunua hiyo biashara 2005. Lakini mpangilio wa vitufe ni wa Uingereza. Juu ya 3 kuna alama ya pauni. Ile @ haiko juu ya 2 penye vidole vyangu vimeizoea, iko huko kando ya Enta, na juu ya 2 wameweka alama za kunukuu. Mtu anazoea, si shida. Shida ni kwamba hapo dukani waliweka Windows kwa mpangilio wa Marekani, kwa hivyo kibodi inasema yake na skrini inasema yake. Unabonyeza pauni unapata hashi. Unabonyeza @ unapata alama za kunukuu.

Sasa fikiria nenosiri langu lina @ ndani. Na nenosiri si unajua haulioni, ni nukta tu. Usiku wa kwanza nikajaribu kuingia imeili mara tano, nikiangalia kitufe na macho yangu mawili, nikikibonyeza polepole kama mtu anapima dawa, inakataa, mpaka nikafungiwa. Nikaamini nimesahau nenosiri. Baadaye nikaanza kuamini nimezeeka. Ni msichana wangu wa gredi ya sita alikuja akafungua Notepad akaniambia niandike hapo tuone, nikaandika, akaangalia skrini, akaangalia kibodi, akaangalia skrini tena. "Baba, haiandiki vile imeandikwa."

Ukiingia kwa mipangilio ukachagua Kiingereza cha Uingereza ni dakika mbili. Dakika mbili! Ngozi ya kaboni ilibandikwa bila povu hata moja, hiyo si kazi ya dakika mbili.

Betri nayo. T470 huwa na betri mbili, moja imefungwa ndani na ingine iko nyuma ya kuchomoa, na unaweza kubadilisha hiyo ya nyuma mashine ikiwa inawaka, ya ndani inaishikilia. Akili ya aliyeunda hiyo kitu namkubali. Sasa ile "mpaka jioni" nikaamua kuipima. Fungua lile dirisha jeusi la amri uandike powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti inasema kila betri iliundwa kubeba ngapi na leo inabeba ngapi. Ya ndani iliundwa kubeba Wh 24 (hicho ndicho kipimo cha chaji), bado inabeba 19, heshima kwake. Ya nyuma iliundwa kubeba 24, inabeba 6. Sita, bana. Hiyo si betri, hiyo ni kitu ya kuzuia karatasi zisipeperushwe. Kwa zote mbili nilikuwa napata masaa mawili na nusu nikiwa nimepunguza mwanga mpaka nachapa kwa imani, na huku Nyamasaria stima ikienda saa moja usiku haijali kama umefika sehemu ya isimujamii.

Jumamosi nikarudi dukani na risiti. Waranti miezi sita, imegongwa muhuri mwekundu. Kijana akaigeuza. Nyuma, kwa herufi za sisimizi, waranti haihusu betri, chaja, skrini, kibodi wala programu.

"Sasa imebaki nini, omera? Bawaba?"

Akafungua laptopu, akafunga, akafungua. "Bawaba ziko sawa, mwalimu."

Na ukweli ziko sawa, skrini inalala nyuma kabisa na haichezi. Tukaelewana aniuzie betri ya nyuma mpya kwa 2,800 badala ya 3,500. Imeandikwa orijino mara tatu kwa boksi moja, na kitu orijino hakina haja ya kurudia, lakini sai nakaa masaa matano kwa hivyo nimenyamaza.

Halafu kuna hii mambo ya Windows, wengi hawaulizi. Ilikuja na Windows 11 na kijana akaitaja kama mtu anatoa zawadi. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na kwa upande wa Intel, ukiacha chipu chache sana, orodha rasmi ya chipu zinazokubaliwa inaanzia kizazi cha nane. Yangu ni cha saba. Maana yake waliiingiza kupitia dirisha, ndugu yangu, na kwa kona ya skrini kulikuwa na yale maandishi ya kufifia ya kukumbusha leseni bado haijawashwa. Kurudi Windows 10 nako, usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Duka linajua haya yote, ndio maana lilisema "ni ya kisasa" bila kusema ni ya nani. Iliyoingia hivyo inatembea, siwezi danganya, lakini zile sasisho kubwa za kila mwaka kwa kawaida hazitakuja zenyewe, na mimi sitaki mashine ya kubembeleza.

Binamu yangu anayesoma Maseno akaja na flashi yenye Linux Mint, mfumo wa kuweka badala ya Windows, ya bure, tukaijaribu kutoka kwa flashi kwanza bila kufuta kitu, ikatambua WiFi, sauti, hata printa ya shule ambayo na Windows ilikuwa inataka kuombewa. Nikasema weka. Ilichukua muda wa kupika ugali na mboga. Malipo niliyolipa ni moja: nikiandikia kwa LibreOffice, ile inashika nafasi ya Word huko, halafu nitume kwa wenzangu wenye Word, mpangilio unasonga. Mtihani wa kidato cha tatu ulifika ofisini swali la 7 likiwa ukurasa wa pili na nafasi ya jibu imehamia wa tatu, na naibu mwalimu mkuu akaniuliza kama hiyo ni mbinu mpya ya kupima utafiti. Sasa natuma PDF.

Mengine haraka. Ina matundu yote ya enzi ile, HDMI, waya ya mtandao, USB za kawaida tatu, kadi ya kamera, kwa hivyo mimi nachomeka projekta moja kwa moja huku mwenzangu wa Fizikia na laptopu yake nyembamba anazunguka stafrumu akiomba adapta. Ina nafasi mbili za RAM. Nilitaka kuongeza 8GB ingine nikapata bei imepanda, tangu mwisho wa 2025 viwanda vya memori vinakimbilia kuuzia mitambo ya AI, kwa hivyo mtu huko California anaitisha shairi la paka wake na mimi wa Nyamasaria ndio nalipia. Nitabaki na 8. Skrini ni hafifu, juani haifai kitu. Feni inaskika mchana wa Februari.

Mashine naipa B+, na ilikosa A juu ya skrini tu. Duka D+, plasi ni ya kijana juu hakunifukuza. Kabla ulipe, iwashe mwenyewe ubonyeze F1 uone kama inakuitisha nenosiri la BIOS, lile la huko chini kabisa kabla hata Windows haijaamka, zingine za ofisi hutoka nalo na hilo kuliondoa kwa ThinkPad ni kesi. Na ile ripoti ya betri ifanye hapo hapo kaunta.

Wiki jana nimerudi hapo, mwenzangu wa Hesabu anataka yake. Kijana akaniona, akaona nimeshafungua dirisha jeusi kabla ya salamu, akarudisha ile aliyokuwa ametutolea akaingia nyuma, akarudi na ingine imejaa mikwaruzo, stika ya mali bado iko, betri ya nyuma inabeba 20.

"Hii sijaibandika, mwalimu."

Bei yake ilikuwa juu kwa elfu moja.