Fremu ya baiskeli ya kaboni isiyo na jina kutoka China: uzoefu wangu wa miezi 14 hapa Tanga

Kati ya vitu vyote vilivyokuwa ndani ya boksi, fremu na foko (uma unaoshika gurudumu la mbele) ndivyo pekee ambavyo sijavigusa tena. Beringi za hedseti, zile foko inazozungukia, nimebadilisha, plagi ya shingo ya foko nimeitupa, bolti ya klampu ya siti nimenunua nyingine, na BB ya kwanza, pale ekseli ya pedeli inapokaa, ilitoka baada ya wiki tatu. Kwa hiyo mwenye kufikiria kuagiza namwambia hivi: kaboni isikutie hofu kuliko vidude vinavyokuja nayo. Na ukiwa Tanga, ambako hewa ya chumvi inaingia hadi chumbani, vidude hivyo viagize vizuri siku ileile unayoagiza fremu, maana kwa mafundi wa Ngamiani hutavikuta.

Ninachozungumzia ni fremu ya barabarani yenye breki za diski, saizi 54, rangi ya kaboni yenyewe bila mchoro. Nililipa dola 430 pamoja na foko, hedseti, klampu na ekseli mbili. Mizani ilisoma gramu 1,080 kwa fremu na 430 kwa foko kabla ya kukatwa. Muuzaji alikuwa ameandika 980. Tofauti ya gramu 100 sikuilalamikia. Fremu nyepesi kupita kiasi ndiyo ingenitia wasiwasi.

Fremu hizi nyingi zinatoka kwenye kile wanachokiita kalibu ya wazi. Kiwanda kinachonga kalibu moja, halafu kinamuuzia yeyote anayetaka, kila muuzaji akiipa namba yake. Ndiyo maana utaona umbo lilelile kwa wauzaji watano kwa bei tano. Kabla ya kulinganisha bei, linganisha michoro yenye vipimo. Usilipie zaidi kwa sababu tu tangazo linasema T800 au T1000. Hizo ni daraja za nyuzi za Toray ya Japani, na kwa macho huwezi kujua kilichomo. Jinsi tabaka zilivyopangwa na kubanwa ndani ya kalibu ndiyo inayoamua uimara. Na zile zenye jina la kampuni maarufu kwa bei ya kutupa, achana nazo kabisa. Ni bandia, aliyezitengeneza anajificha, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa za aina hiyo.

Saizi iliyoandikwa haina maana kubwa, kwani 54 ya huyu ni 52 ya yule. Angalia stak na richi kwa milimita, kisha pima baiskeli unayoiendesha sasa. Isimamishe wima kwenye sakafu iliyonyooka, tairi la nyuma liguse ukuta. Kimo cha mdomo wa juu wa bomba la mbele ukitoa kimo cha katikati ya BB, hiyo ni stak. Umbali kutoka ukutani hadi katikati ya mdomo huo ukitoa umbali kutoka ukutani hadi katikati ya BB, hiyo ni richi. Futi ya fundi seremala inatosha. Tofauti ya milimita 5 unaimaliza kwa kubadilisha stemu, kile kipande kinachoshika usukani. Ya 20 itakuumiza mgongo.

Kabla ya kutuma pesa, pata majibu ya maandishi kwa mambo haya: aina ya BB, kipimo cha beringi zote mbili za hedseti pamoja na nyuzi za pembe zake, hatua ya meno ya ekseli ya nyuma (umbali kati ya jino na jino), kipenyo cha bomba la siti, na upana wa tairi linaloingia. Omba pia ripoti ya kipimo cha ISO 4210, kiwango cha usalama wa baiskeli, na uhakikishe namba ya modeli iliyoandikwa humo ni ya fremu yako na kwamba foko nayo imepimwa. Muuzaji anayetuma picha ya cheti bila namba ya modeli hajakujibu.

Juu ya BB nina msimamo. Chagua aina yenye meno, inayokazwa kama bolti, yaani BSA ya milimita 68 au T47, ukiweza kuipata. Mimi nilichukua BB86 ya kugonga, ambayo tundu lake linatakiwa liwe milimita 41 kamili. Nilipoweka kalipa nilipata 41.10 wima na 40.95 mlalo, yaani tundu lina umbo la yai. Kikombe cha plastiki kinaingia, lakini ukisimama kwenye pedeli kinacheza na kulia kama mlango wa zamani. Kugonga zaidi hakusaidii, na grisi inanyamazisha siku mbili tu. Kilichotibu ni BB ya aluminiamu ambayo vikombe vyake viwili vinafungana kimoja ndani ya kingine katikati ya fremu, hivyo haitegemei tundu peke yake. Ukipata BSA, kumbuka kikombe cha upande wa cheni kinakazwa kinyume cha saa.

Usafiri ndio unaoshtua wengi. Makampuni ya vifurushi vya haraka hayatozi uzito wa mizani ikiwa boksi ni kubwa; yanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita na kugawanya kwa 5,000. Boksi la 100 kwa 20 kwa 60 linahesabiwa kilo 24, hata kama ndani kuna kilo 4. Muulize muuzaji ukubwa wa boksi, na akiweza kulipunguza kwa sentimita 5 kila upande, apunguze. Fremu na foko ziko kwenye namba 8714.91 ya orodha ya forodha. Iandikwe kwenye ankara ili mzigo usije ukachukuliwa kuwa baiskeli nzima, ambayo ni 8712. VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru kwa pamoja, kwa hiyo nauli kubwa inakupiga mara mbili. Muuzaji akijitolea kuandika dola 50 kwenye ankara, kataa. TRA wanaweza kuikataa thamani hiyo, na boksi likipotea utalipwa hizo 50.

Boksi likifika, usikimbilie kufunga magurudumu. Fungua mbele ya aliyelileta, piga picha kila upande, halafu kaa na fremu mahali penye utulivu ukiwa na tochi na sarafu ya shilingi 200. Gonga kwa ukingo wa sarafu, taratibu, kila sentimita mbili, ukifuata bomba kutoka mbele kwenda nyuma. Kaboni nzima inatoa mlio mkavu, mkali. Sauti inabadilika kadiri unene unavyobadilika, hilo ni la kawaida, lakini inabadilika polepole. Ukifika mahali mlio unazama ghafla na kuwa butu, halafu sentimita tatu mbele unarudi, hapo tabaka zimeachana au kuna pengo la hewa. Weka alama kwa chaki, rekodi sauti, mtumie muuzaji kabla hujakaza hata bolti moja, kwa sababu ukishafunga vifaa watasema umeivunja mwenyewe. Kisha mulika ndani ya tundu la BB. Mabaki ya mpira au povu lililotumika kubana kaboni ndani ya kalibu si hatari, ila yatoe, yasije kuziba njia ya nyaya. Mikunjo ya nyuzi kwenye kona za BB ndiyo ya kuogopa.

Unyoofu pima kwa uzi wa kushonea. Ufunge kwenye sikio la nyuma la kushoto, panapokaa ekseli ya gurudumu, uzungushe mbele ya bomba la mbele, uurudishe hadi sikio la kulia, uvute. Pima kutoka uzi hadi bomba la wima la fremu, lile ambalo bomba la siti linaingia, pande zote mbili. Yangu ilitofautiana milimita 1. Ikizidi 2, gurudumu litakaa upande.

Hedseti: usiamini kwamba beringi iliyokuja ndiyo yake. Beringi za 41 na 41.8 zinafanana machoni, na pembe ya nyuzi 36 na 45 huioni bila kusoma maandishi kwenye ukingo wake. Isiyo sahihi inakaa, inazunguka, halafu baada ya kilomita 200 mbele panaanza kugonga na kaboni pale beringi inapokaa inalika. Hapo hakuna dawa.

Kukata shingo ya foko: msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, zungushia selotepu mahali pa kukata, mwagia maji, vaa barakoa. Vumbi la kaboni usilipulize kwa mdomo. Kata robo tatu, geuza, malizia upande wa pili ili nyuzi za mwisho zisichanike. Ndani ya shingo usigonge ile nyota ya chuma ya foko za kawaida. Inatumika plagi ya kujitanua, nayo ikae usawa wa stemu ili bolti zisiminye bomba tupu. Plagi niliyoletewa ilikuwa fupi, sentimita 2 tu, ikateleza. Nunua ya sentimita 5 au zaidi. Spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, si anasa hapa: stemu 5 Nm, klampu ya siti 5, kishikio cha chupa 3, breki 6. Klampu ikiteleza kwa 5 usiongeze nguvu. Paka krimu ya kaboni yenye chembechembe.

Sasa chumvi. Kaboni haipati kutu, lakini inapitisha umeme, na ikigusana na aluminiamu penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unaona unga mweupe kwanza, kisha rangi inavimba kuzunguka bolti. Anayeendesha Raskazoni jioni na kuiegesha bila kuipangusa ataona unga huo ndani ya miezi. Sehemu za kwanza ni nati za aluminiamu zilizopachikwa kwa ajili ya chupa, na bomba la siti la aluminiamu, ambalo linaganda hadi halitoki. Nunua bomba la siti la kaboni, weka bolti za titani au za chuma kisichoshika kutu, na kila wiki sita toa siti, futa, paka upya. Osha kwa maji baridi ya bomba bila presha. Tundu dogo chini ya BB liwe wazi. Masika maji yanaingia kwenye matundu ya nyaya na yanahitaji pa kutokea.

Pamoja na fremu agiza masikio ya direla matatu, yaani vipande vinavyoshikilia kifaa cha kubadilisha gia nyuma. Kila kalibu ina lake, isipokuwa fremu inayopokea lile sikio la pamoja lililoletwa na kampuni ya SRAM. Ekseli ya nyuma nayo iwe na ya akiba, kwa sababu meno ya M12 yanakuja kwa hatua ya 1.0, 1.5 na 1.75, na ya rafiki yako haitaingia.

Hii si Phoenix. Haifungwi keria wala haibebi mtu, na ikipasuka haichomelewi. Kwa barabara ya vumbi chukua fremu inayopokea tairi la milimita 40, si hii yangu inayoishia 32. Ukiipakia kwenye basi la Dar es Salaam, toa magurudumu, iwekwe juu ya mizigo mingine, na kamba ipite kwenye stemu na bomba la siti. Isipite kwenye bomba la juu, ambalo ukuta wake ni mwembamba. Kondakta akivuta fundo kwa goti, bomba hilo linapasuka bila kuonyesha alama nje.